Karatasi Iliyokunjwa Mara Nane

Wako watu wanaoamini ndoto, wako wanaoamini majirani, na alikuwepo mwanamke mmoja aliyeamini karatasi. Si karatasi yoyote, la. Karatasi iliyopigwa chapa. Ukimwambia jambo kwa mdomo alikutazama kama mtu anayesubiri umalize kupiga chafya, halafu anakuuliza, "Imeandikwa wapi?" Kazini walimwita Jicho, na jina likamfuata mpaka sokoni, mpaka nyumbani, mpaka kwa mama mkwe wake.

Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya uchapaji, vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Chumba cha mbele kina meza na kompyuta. Cha nyuma kina mashine moja kubwa, kisu cha kukatia karatasi, na harufu ya wino ambayo haitoki kwenye nguo hata ufue mara tatu. Karatasi ya kwanza ikitoka, mashine inasimamishwa, karatasi inaletwa kwa Jicho. Anaishika kwa ncha za vidole maana wino bado mbichi, anaweka juu yake kioo chake cha kukuzia, anasoma kuanzia chini kwenda juu. Ndiyo, chini kwenda juu. Alisema ukianzia juu akili inajisomea inachokitaka yenyewe. Akiridhika anaandika pembeni "Sawa, piga" na kuweka sahihi. Bila maneno hayo mashine hailii, hata mwenye kampuni aje apige magoti.

Mteja mmoja aliwahi kupiga simu abadilishiwe tarehe ya harusi kwenye kadi. Jicho akamwambia njoo uandike. Mteja akaja, jasho linamtoka, matusi yako kwenye ncha ya ulimi, akachukua kalamu na kuandika tarehe. Akaandika siku ambayo hata mwezi ule haukuwa nayo. Jicho hakucheka. Alimsukumia kalenda tu. Habari hiyo ilihadithiwa pale kazini miaka na miaka, na ndiyo iliyomharibu, nawaambieni ukweli, maana tangu siku ile aliona mdomo ni kitu cha kuchezea na karatasi ndiyo neno.

Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi mitatu alikwenda kliniki. Walimtoa damu, akakaa kwenye benchi na wenzake, akaitwa. Nesi aliyemwita alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo lilelile. Wote walimwita Sista.

"Vipimo viwili ni safi," Sista akasema. "Hiki cha tatu kina jambo. Una homa ya ini, ile aina ya B."

Jicho hakuulizia maana ya ugonjwa. Aliuliza, "Mtu akiwa nao, macho yanakuwa ya njano?"

"Yanaweza. Kwa nini?"

Kwa sababu mama yake alikufa hivyo. Jicho alikuwa darasa la sita. Tumbo la mama lilijaa maji mpaka ngozi ikang'aa, macho yakageuka rangi, na watu walisema karogwa, wakamtaja na mchawi, jirani wa watu, maskini, aliyekuja kuhama mtaa kwa aibu. Sista alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kalamu. Kisha akasema polepole kwamba huenda Jicho alizaliwa nao. Unapita kwa damu, unapita kitandani, na njia moja kubwa ni mama kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Mama yake hakujua. Siku zile hapakuwa na wa kumwambia.

Basi hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya yule mwanamke ikajifungia mlango. Hakuogopa kufa. Aliogopa kurithisha. Kwao hawakuwa na shamba wala nyumba ya kugawana, urithi wenyewe ndio ule, na zamu yake ya kuutoa imefika.

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza penye huzuni. Aliambiwa jioni ileile. Akaenda kupimwa, akakutwa hana, akaanza kuchanjwa. "Jokofu likiharibika nalifungua nyuma," alimwambia mkewe. "Wewe nikufungue wapi niiondoe hiyo hofu?" Jicho alicheka kidogo, halafu akalia sana. Fundi akakaa naye kimya, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba virusi katika damu yake ni vingi mno. Sista akampa kichupa cha vidonge alipoingia mwezi wa saba, kikiwa ndani ya kijikasha chake.

"Kidonge kimoja kila siku. Kinavishusha virusi, ili mtoto apite salama. Usiogope, wajawazito wengi wamekitumia na watoto wao wazima. Akizaliwa tu, siku hiyohiyo, anachomwa chanjo. Na unaendelea na dawa mpaka mimi niseme acha. Na utamnyonyesha kama mama mwingine yeyote."

"Niandikie," akasema Jicho.

Sista akamtazama juu ya miwani. Nje palikuwa na wanawake ishirini kwenye foleni na mmoja alikuwa ameanza kutapika. Hata hivyo akaandika kwenye kadi: kidonge kimoja kila siku, chanjo siku ya kuzaliwa. Mlango ukagongwa, akainuka kwenda kwa yule anayetapika. Habari ya kunyonyesha ikabaki hewani. Laiti angemalizia mstari mmoja tu! Lakini nani angejua.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Jicho akakaa juu ya bunda la karatasi na kukifungua kile kijikasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo, nyembamba kama ganda la kitunguu, imekunjwa mara nane. Akaikunjua juu ya goti. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Akatoa kioo chake. Na hapa sasa, mtu ambaye miaka tisa amesoma karatasi za watu kuanzia chini kwenda juu, aliisoma ya kwake mwenyewe kuanzia juu, mbio mbio, akitafuta maneno mawili tu: mimba na maziwa. Aliisoma kama mteja.

Kuhusu mimba paliandikwa dawa itumiwe pale tu inapohitajika kweli. Kuhusu maziwa paliandikwa wazi: usinyonyeshe wakati unatumia dawa hii.

Alisoma mara nne. Mwenzake wa mashine, ambaye aliitwa Kelele kwa kuwa mngurumo ule ulimla masikio akawa hajui tena kunong'ona, alipaza sauti kutoka chumba cha pili: "JICHO! UMEPATA KOSA?"

"Hapana," akajibu, akaikunja tena mara nane.

Miezi mitatu iliyobaki aliimeza dawa, lakini aliimeza na roho mkononi. Kila asubuhi alikunywa kidonge, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kiganja tumboni, akingoja mtoto apige teke. Teke likija ndipo anavaa viatu. Siku nyingine mtoto alikuwa amelala, watoto nao wana usingizi wao, na Jicho alikaa pale nusu saa, saa nzima, chai inapoa, kazini wanamsubiri na karatasi ya kwanza inakauka mezani. Alipochelewa mara ya tano mwenye kampuni alimuuliza kulikoni. Akasema foleni ya maji.

Mama mkwe alikuja wiki tatu kabla ya Jicho kujifungua, na mzigo wa nguo za mtoto na maneno yasiyokwisha. Alikuwa mama mwema. Lakini alikuwa na msimamo wake juu ya vidonge, kwamba dawa za hospitali na tumbo la mimba wapi na wapi. Jicho hakumwambia kitu. Kichupa alikificha nyuma ya kopo tupu la wino juu ya kabati. Akajitengea na kikombe, cha bluu chenye ufa, akawa anakiosha peke yake na kukifungia. Sista alikwisha kumwambia kikombe hakiambukizi, sahani haiambukizi, kukumbatiana hakuambukizi. Lakini hilo nalo lilisemwa kwa mdomo tu.

"Mwanangu, mbona hicho kikombe hakishikwi na mtu?" mama mkwe aliuliza siku moja.

"Nimekizoea tu, Mama."

Mama mkwe akasema "haya", lile haya la mtu aliyeweka jambo moyoni.

Mtoto alizaliwa palepale kliniki, saa nne asubuhi, wa kike, mapafu yamekamilika. Kabla hata Jicho hajamtazama vizuri sura, aliuliza chanjo iko wapi. Fundi naye, aliyeruhusiwa kuingia baada ya kusihi sana, aliiona friji ya chanjo kwenye kona na kuinama nyuma yake. "Samahani Sista, hili jokofu lina nyuzi joto ngapi? Mpira wa mlango naona umechoka." Nusura afukuzwe. Chanjo ikachomwa kwenye paja la mtoto mbele ya macho yao, kila kitu kikaandikwa kwenye kadi, tarehe na saa, na Jicho aliishika ile kadi kifuani karibu sawa na alivyomshika mtoto.

Kisha wakamwekea mtoto kwenye ziwa, akalivamia kama aliyekuwa anadai. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu ni Bibi Kiu! Bibi Kiu amefika!" Jina likaganda hapohapo.

Siku ya tatu, nyumbani, Jicho akaifungua tena ile karatasi. Usinyonyeshe wakati unatumia dawa hii. Bibi Kiu alikuwa amelala mapajani mwake, kinywa bado kinanyonya hewa. Maziwa yalikuwa yameingia, yanavuja, yamelowesha nguo. Mara ngapi amekwisha kumnyonyesha? Alijaribu kuhesabu akashindwa. Amemnywesha sumu siku tatu, na mkono wake mwenyewe ndio uliomshikilia kichwa.

Angeweza kwenda kumuuliza Sista. Ni mwendo wa dakika arobaini. Lakini alijua Sista angesema nini, na angesema kwa mdomo. Kwenye uchapaji rangi mbili mbichi hazipigwi juu ya karatasi moja kwa pamoja, zitachafuana. Unapiga moja, unaacha ikauke, unapiga nyingine. Basi akaamua kiuchapaji. Mtoto anyonye kwanza. Akiacha ziwa, mama atarudi kwenye dawa. Siku mbili, ili dawa imtoke mwilini, alikamua maziwa na kuyamwaga kwenye sinki huku mtoto akilishwa ya kopo kwa kijiko na kupiga mayowe ya kuitia mtaa mzima. Mama mkwe aliuliza kulikoni, akaambiwa maziwa ya mwanzo yamechacha. Siku ya tatu Jicho akamrudisha mtoto kifuani. Kidonge hakukigusa tena. Fundi alipomuuliza, "Umekunywa?" alisema "Nimekunywa," na kila siku akatoa kimoja kwenye kichupa na kukitumbukiza kwenye kopo lile la wino, ili kichupa kipungue kama inavyotakiwa. Hata kudanganya alidanganya kwa utaratibu.

Bibi Kiu alinenepa. Mikono ikafanya mikunjo, mashavu yakashuka. Jicho alimtazama akajiambia, ona, nimefanya sawa. Hofu haikuondoka, ilihama chumba tu. Sasa aliogopa kila upele, kila kupaliwa, kila choo cha kijani. Alimgeuzageuza mtoto dirishani, akimfunua kope kutazama weupe wa macho, mpaka mtoto akachukia dirisha. Alipompeleka chanjo ya wiki ya sita alichagua siku ambayo Sista hayupo zamu.

Alichokuwa hakitazami ni macho yake mwenyewe. Alikuwa amechoka, lakini mzazi gani hachoki? Chakula kilimchefua. Upande wa kulia, chini ya mbavu, palikuwa na uzito kama mtu ameegemea hapo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, akasema sinywi maji ya kutosha. Mtu akitaka kutoona, jamani, hata kioo cha kukuzia hakimsaidii.

Wiki ya saba Kelele alikuja kumpongeza, na kadi kubwa waliyoichapa kazini yenye sahihi za watu wote. Alikaribishwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa anampakata mtoto, Fundi anafungua soda. Jicho akatoka chumbani na nguo yake nzuri. Kelele akainuka kumsalimia, akasita, akamtazama kama anavyotazama karatasi iliyotoka mashineni vibaya. Kisha, Mungu amsamehe, akajaribu kunong'ona.

"JICHO, MBONA MACHO YAKO YA NJANO?"

Soda ilimwagikia mkono wa Fundi. Mama mkwe akanyanyua uso. Jicho alisema, "Ni mwanga," akageuka akaingia chumbani na kufunga mlango.

Ndani ya mkoba wake wa kazi mlikuwa na kijitabu cha rangi, kile ambacho wachapaji huweka pembeni ya karatasi kupima kama wino umekaa sawa. Akakitoa. Akasimama mbele ya kioo cha ukutani, akavuta kope la chini kwa kidole, akaanza kupitisha vipande vya rangi kimoja kimoja chini ya jicho. Nyeupe haikulingana. Njano ya asilimia tano haikulingana. Kumi haikulingana. Kwenye asilimia ishirini alisimama, kwa kuwa hapo hapakuonekana tena mpaka kati ya kipande na jicho. Aliijua rangi ile. Aliiona mara ya mwisho akiwa darasa la sita, kwenye mto wa kitanda cha mama yake.

Akafungua mlango. Kelele alikuwa ameshaondoka, kwa aibu, kadi iko mezani. Jicho akachukua kopo la wino juu ya kabati na kulimimina mbele ya mume wake. Vidonge vilitawanyika juu ya kitambaa cha meza, vingine vikaviringika mpaka sakafuni.

"Sijanywa hata kimoja tangu mtoto ana siku tatu," akasema.

Fundi hakufanya mzaha. Alipiga magoti, akaanza kuokota vile vilivyoanguka.

Aliyesema ni mama mkwe. "Vya nini?" akauliza, na Jicho akamwambia yote, ugonjwa, mama yake, karatasi, kikombe. Mama mkwe alisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Kwa hiyo sababu ya kikombe ni hiyo?" akasema mwishowe. "Miezi miwili nimedhani unanionea kinyaa. Nikasema, mke wa mwanangu hawezi kunywea nilipogusa mimi. Kumbe ulikuwa unanilinda! Ungenigombeza basi nijue! Haya inuka. Inuka twende, nitambeba mtoto."

Kliniki walimkuta Sista yuko zamu. Alimfunua Jicho kope, akambonyeza chini ya mbavu, akamtoa damu, na majibu ya damu yalipotoka mchana alivua miwani kabisa.

"We mama, ini lako linawaka moto. Nani alikwambia uache dawa?"

Jicho akatoa ile karatasi mkobani. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika kwa kufunguliwa. Sista akaisoma, akashusha pumzi ndefu.

"Nilikwambia utanyonyesha."

"Hukuandika."

Sista angeweza kukasirika, na uso ulionyesha alitaka. Badala yake akavuta kiti. "Nisikilize. Mtoto wako alikaa tumboni miezi mitatu ndani ya dawa hii, akatoka mzima. Kinachopita kwenye maziwa ni chembe tu, kidogo kuliko hata alichokipata humo tumboni, na utumbo wake haukichukui vizuri. Wanaotengeneza dawa waliandika usinyonyeshe kwa sababu wakati ule hawakuwa wamewachunguza kina mama wa kutosha. Baadaye walichunguzwa. Mwongozo tunaofanyia kazi unasema nyonyesha na dawa unywe. Karatasi yako ilichapwa lini?"

Jicho hakujua. Yeye! Akatoa kioo chake, akaigeuza karatasi, akashuka mpaka mwisho kabisa, kwenye mkunjo, mahali ambapo siku zote ndipo anapoanzia. Tarehe ya maandishi ilikuwa pale, ndogo, nyeusi, safi kabisa. Maneno yale yalikuwa na umri wa miaka kumi na mbili.

Wala hakuhitaji kuelezwa imekuwaje. Mara ngapi wateja wameleta karatasi ya zamani na kusema, piga kama ile ya mwanzo? Na yeye huangalia herufi, huangalia rangi, huangalia pambizo, anaandika "Sawa, piga". Hajawahi hata siku moja kuuliza kama kilichoandikwa bado ni kweli. Haikuwa kazi yake, hivyo ndivyo alivyodhani.

"Ungechelewa wiki mbili zaidi," Sista akasema, "pengine ningekuwa naongea na mumeo, siyo na wewe. Sasa fungua mdomo."

Akameza kidonge palepale na maji ya bomba, Sista akimsimamia kama mtoto wa shule. Kisha Bibi Kiu, ambaye alikuwa amevumilia vya kutosha mikononi mwa bibi yake, akapiga ukelele wake. Jicho akamtazama Sista.

"Mpe," Sista akasema. "Vyote viwili. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, njoo kwanza unione. Vinginevyo mpe."

Akampa. Alilia wakati wote mtoto alipokuwa ananyonya, sauti haitoki, mabega tu. Maana sasa hesabu nyingine ilikuwa imemjia. Wiki saba bila dawa, virusi vimepanda, ini limewaka, na mtoto yuko kifuani mchana na usiku. Akauliza, na sauti ilikuwa ndogo, kama atakuwa amempa.

"Chanjo yake ya kwanza alipata kwa wakati," Sista akajibu. "Hiyo ndiyo ngao yake, hata kwa maziwa yako. Amalizie zilizobaki. Siwezi kukuapia. Tutampima akifikisha miezi tisa."

Miezi saba na zaidi ya kungoja! Mwambie mtu ashike kaa la moto miezi saba. Jicho alirudi kila wiki kutolewa damu, kisha kila mwezi. Macho yalirudi kwenye asilimia kumi, tano, halafu siku moja kijitabu kikalingana na nyeupe. Uzito chini ya mbavu ukaondoka. Alikunywa kidonge chake mezani mbele ya watu wote, na mama mkwe, yule wa wapi na wapi, akawa ndiye anayemkumbusha, tena kwa makelele. Kikombe cha bluu kiliingia kabatini na vingine. Fundi alibadilisha mpira wa mlango wa friji ya kliniki bila kuulizwa.

Kazini aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mteja akileta karatasi ya zamani, Jicho anamuuliza, "Haya maneno bado ni ya kweli? Nani amesema? Lini?" Wateja walinung'unika. Mwenye kampuni alinung'unika. "WAACHE WAANDIKE TAREHE MPYA!" Kelele alipiga kelele kutoka chumba cha pili, akimtetea, na mtaa mzima ukajua.

Lakini ndani, ile hofu ilikaa palepale. Mtoto akajifunza kukaa, hofu ipo. Akaota jino, akamng'ata, hofu ipo. Akisema "ma" watu wanapiga makofi, Jicho anapiga makofi, na moyoni anasema, usiwe kama mimi, usiwe kama mimi.

Mtoto alitolewa damu siku moja baada ya kutimiza miezi tisa. Majibu wiki moja. Siku ya majibu Jicho alikwenda na mtoto mgongoni, Fundi upande huu, mama mkwe upande ule. Sista aliwaita ndani, akatoa bahasha kwenye mtoto wa meza, akampa Jicho mkononi. Alimjua mgonjwa wake. "Haya, imeandikwa, imepigwa chapa, ina tarehe ya jana. Soma."

Jicho akaitoa ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara moja tu. Akatia mkono mkobani kutafuta kioo cha kukuzia, akakipata, akakishika. Mkono haukuinuka. Alijaribu kuanzia chini, akaona sahihi ya mtu wa maabara, na mistari iliyo juu yake ikacheza kwa machozi ikawa mchanganyiko wa wino tu. Mgongoni, Bibi Kiu alikuwa anamvuta kitambaa cha kichwa.

Akamrudishia Sista karatasi, imepinda na kulowa jasho.

"Sista," akasema, "niambie kwa mdomo."

Sista akavua miwani yake, akaiweka mezani. Hakuitazama hata karatasi, kwa kuwa alikwisha kuisoma asubuhi, mara tatu.

"Hana," akasema. "Mtoto wako hana, na chanjo imeshika. Umenisikia? Hana."

"Sema tena," akasema Jicho.